SOMO LA KIKUNDI: NI NANI ANAYEMTIBU MGONJWA WA SARATANI?



Somo la mara hii mmelileta ninyi wenyewe. Tukizunguka kwa vikundi vya Githurai, Kimbo, Gatong'ora na kule kwenye mashamba ya kahawa, tumekuta swali lile lile: "Mwenzetu ameambiwa ana saratani. Tumefanya mchango. Sasa tumpeleke kwa daktari gani?"

Swali ni zuri, ila lina shida moja. Linadhani kwamba mahali fulani yuko daktari mmoja, na akipatikana huyo kazi imekwisha. Sivyo mambo yalivyo. Mgonjwa wa saratani hupita mikononi mwa watu kumi au hata zaidi, na kila mmoja ana kipande chake cha kazi. Wengine kati yao mgonjwa hatawaona uso kwa uso hata siku moja. Shida nyingi hutokea katikati, pale mmoja amemaliza kipande chake na mwingine hajaanza. Hapo ndipo watu wetu hupotea.

Namna ya kutumia somo hili: Tengeni muda wa saa moja na nusu. Mtu mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Mkifika kwenye maswali, simameni kwanza mzungumze. Kila kikundi kiwe na daftari moja jipya na kalamu. Mtaona sababu yake mbele.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo hili kila mwanakikundi aweze:
1. Kutaja watu wanaomhudumia mgonjwa wa saratani na kazi ya kila mmoja.
2. Kujua ni swali gani la kumwuliza nani.
3. Kumsindikiza mgonjwa hospitalini bila kupoteza karatasi, siku wala pesa.

SEHEMU YA KWANZA: TUONE

Sikilizeni habari hii. Ni ya kweli, na sisi wenyewe tumo ndani yake. Majina tumeyaacha.

Mama mmoja wa kikundi tunachokitembelea alikuwa akifanya kibarua cha kuchuma kahawa. Siku moja akioga aligusa uvimbe kwenye titi. Haukuwa na uchumi, kwa hiyo akanyamaza miezi kadhaa. Baadaye alimwambia mwenyekiti wa kikundi, na mwenyekiti akatuambia sisi. Tukampeleka hospitali. Daktari alimpima, akamkata kipande kidogo cha nyama kwenye ule uvimbe, akasema, "Rudi baada ya wiki mbili kwa majibu."

Mama akarudi. Akapanga foleni tangu asubuhi. Akaambiwa majibu hayajafika. Akarudi tena mwezi uliofuata, akaambiwa daktari yuko likizo. Safari ya tatu tulimsindikiza sisi. Tulimwuliza kijana wa dirisha la faili kama daktari ameita. Akatazama, akasema, "Hapana." Tukarudi nyumbani. Tulijiambia kwamba kama kungekuwa na jambo baya wangepiga simu. Mama naye akaamini hivyo, maana sisi ndio tuliosema.

Ilipita miezi mitano. Siku moja muuguzi aliyekuwa na moyo mwema alituuliza, "Je, mmewahi kwenda maabara kuulizia?" Hatukuwa tumekwenda. Tukaenda. Majibu yalikuwepo kwenye kabati, yameandikwa na kutiwa sahihi, tangu wiki ya tatu baada ya kukatwa kile kipande. Hakuna aliyeyachukua kuyapeleka kliniki. Maabara walidhani mgonjwa atayafuata. Kliniki walidhani maabara wataleta. Mgonjwa alidhani daktari anayo. Sisi tulidhani kunyamaza kwao ni habari njema.

Mama yule alitibiwa, na alipigana vizuri. Alifariki mwaka uliofuata. Tulimwuliza daktari wake kama miezi mitano ile ndiyo iliyomwua. Alituambia hakuna mtu awezaye kusema hivyo kwa hakika. Basi na sisi hatusemi hivyo. Lakini tunajua kwamba miezi ile ilipotea bure, na kwamba tulikuwa tumesimama kwenye dirisha lisilo lake tukimwuliza mtu asiye wake.

Maswali ya kuzungumzia:
1. Kosa lilikuwa la nani? Msiharakishe kujibu.
2. Je, kuna mtu hapa aliyewahi kungoja majibu yasiyokuja? Alifanya nini?
3. Tungekuwa sisi, tungemwuliza nani na swali gani?

SEHEMU YA PILI: TUELEWE

Kwa nini watu wengi hivi?

Saratani si ugonjwa mmoja. Ni magonjwa mengi yenye tabia moja: chembe za mwili zinaacha kufuata utaratibu, zinazaana ovyo, na zinaweza kuhama kwenda sehemu nyingine. Saratani ya titi haitibiwi kama ya koo la chakula, wala ya damu haitibiwi kama ya mlango wa kizazi. Ndiyo maana hakuna mtu mmoja anayeweza kuijua yote.

Hili tulijifunza hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji aitwaye Denis Burkitt aliitwa kumwangalia mtoto aliyevimba mataya. Baada ya muda mfupi akamwona mwingine wa namna hiyo huko Jinja. Burkitt alijua kupasua, lakini kisu peke yake hakikuwasaidia watoto hao. Wataalamu wa kuchunguza nyama kwa hadubini ndio waliotambua ni saratani ya namna gani. Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari maili kama 10,000 kutoka Uganda mpaka Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali ni wapi ugonjwa huo unaonekana. Vipande vya uvimbe vilipelekwa London, na huko mwaka 1964 watafiti waliona kirusi ndani yake. Na kilichokuja kuwaponya watoto wengi ni dawa, si kisu. Hebu hesabuni: mpasuaji, wa hadubini, wa utafiti, wa dawa, wauguzi wa wodi. Ugonjwa mmoja, watoto wadogo, na watu wote hao.

Ugonjwa wenyewe si mgeni kwetu. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 peke yake Wakenya zaidi ya 44,000 walipatikana na saratani, na zaidi ya 29,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Profesa Wangari Maathai alifariki kwa saratani mwaka 2011. Mwaka huo huo Profesa Anyang' Nyong'o, akiwa waziri wa huduma za matibabu, alitangaza wazi kwamba anayo, akatibiwa, na baadaye akachaguliwa kuwa gavana wa Kisumu. Kwa hiyo tusinong'one. Tuzungumze.

Sasa tuifuate njia ya mgonjwa kutoka mlangoni kwake. Kila tunapokutana na mtu, tutasema kazi yake na swali la kumwuliza.

1. Mhudumu wa afya wa kijiji. Huyu ni jirani yetu. Tangu mwaka 2023 serikali iliwapa wahudumu hawa jina jipya na mkoba wa vifaa. Hatibu saratani. Kazi yake ni kutambua dalili na kukuelekeza. Mwulize: "Hali hii niipeleke kituo gani, na nani nimwone huko?"

2. Muuguzi na ofisa wa kliniki. Kwenye zahanati na kituo cha afya, hawa ndio utakaowakuta kwanza. Ofisa wa kliniki wengi tunamwita "daktari". Amesomea kupima na kutibu, na anaruhusiwa na sheria, lakini masomo yake si yale ya daktari wa digrii. Muuguzi ndiye anayeweza kumpima mama mlango wa kizazi, kwa mfano kwa kupaka siki na kuangalia kama kuna sehemu inayogeuka nyeupe. Wakiona jambo la kutia shaka wataandika barua ya rufaa. Barua hiyo ni tikiti yako. Mwulize: "Umeona nini kilichokutia shaka? Tafadhali kiandike kwenye barua."

3. Daktari wa kawaida. Utamkuta katika hospitali kama ya Ruiru au Thika Level 5. Atakupima zaidi na kuagiza vipimo. Yeye ni kama kondakta wa matatu: anajua abiria gani ashuke wapi. Mwulize: "Unashuku nini? Na kama si hicho, inaweza kuwa nini kingine?"

4. Watu wa picha. Hapa ni wawili, na wengi tunawachanganya. Yuko anayekulaza kwenye mashini na kupiga eksirei au skeni. Huyo akikuambia "sijui", msimkasirikie, maana kusoma picha si kazi yake. Yuko daktari wa picha, ambaye huketi chumba kingine akisoma picha na kuandika ripoti. Mwulize yule wa mashini: "Ripoti itakuwa tayari siku gani, na niichukue dirisha gani?"

5. Daktari mpasuaji. Mara nyingi ndiye anayekata kile kipande kidogo kiitwacho baiopsi. Wakati mwingine ndiye atakayeondoa uvimbe wote. Watu wengi wanaogopa wakisema, "Saratani ikiguswa na kisu inasambaa." Imani hii imechelewesha wengi. Bila kipande kile hakuna anayeweza kujua kwa hakika kama ni saratani na ni ya namna gani. Mwulize: "Kipande hiki kinapelekwa maabara gani? Namba yake ni ngapi?"

6. Daktari wa maabara, yaani mwanapatholojia. Huyu ndiye asiyeonekana. Mafundi wa maabara hukiandaa kipande, hukikata chembamba kuliko karatasi, na kukitia rangi. Halafu daktari huyu hukitazama kwa hadubini. Yeye ndiye anayesema, "Ni saratani," au "Siyo." Uvimbe wa titi mara nyingi hupimwa tena zaidi ili kujua ni dawa gani itakayoufaa, na vipimo hivyo huongeza siku na gharama. Matibabu yote yatakayofuata yanasimama juu ya karatasi ya mtu huyu. Karatasi hiyo ndiyo iliyolala kwenye kabati miezi mitano. Waulize watu wa maabara: "Majibu ya namba hii yako tayari? Nani ameyachukua, na siku gani?"

7. Daktari wa saratani. Ndiye wengi mnayemtafuta tangu mwanzo. Lakini mnaona amekuja nambari ya saba, na bila karatasi za wale sita hana la kufanya. Yeye hukusanya majibu yote, huangalia ugonjwa umefika hatua ya ngapi, kuanzia ya 1 mpaka ya 4, na kupanga matibabu: dawa, mionzi, upasuaji, au vyote kwa zamu. Katika hospitali kubwa madaktari hawa hukaa kikao pamoja na mpasuaji, daktari wa picha na wa maabara, wakazungumzia mgonjwa mmoja mmoja. Ni kama kamati yenu inavyoamua mkopo. Mwulize: "Ugonjwa uko hatua gani? Matibabu haya ni ya kuponya, au ya kupunguza makali?" Swali hili ni gumu kutamka, lakini familia isiyoliuliza huuza shamba bila kujua inanunua nini.

8. Muuguzi wa saratani na mfamasia. Dawa za saratani, tunazoziita kemo, ni kali. Mfamasia huzichanganya kwa kipimo kinacholingana na mwili wa mgonjwa. Muuguzi ndiye anayezitia mshipani na kumkalia karibu. Kabla ya kila zamu damu hupimwa, na ikiwa imeshuka dawa huahirishwa. Kuahirishwa si kufukuzwa. Jambo moja mlishike sana: mgonjwa aliye kwenye kemo akipata homa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku. Asingojee siku ya kliniki, maana kinga yake iko chini. Mwulize muuguzi: "Dalili gani ikitokea nirudi mara moja? Usiku nipige simu wapi?"

9. Watu wa mionzi. Wengi husema "kuchomwa". Mionzi haichomi kama moto, na wakati wa kupigwa mgonjwa hasikii kitu, ingawa baadaye ngozi yaweza kuwa nyeusi na mwili kuchoka. Daktari huamua sehemu gani ipigwe. Mwanafizikia huhesabu kipimo na kuhakikisha mashini ni sawa. Wataalamu wa mashini humlaza mgonjwa vile vile kila siku. Wakichora alama kwenye ngozi, msizifute kwa kuoga mpaka mwulize. Kwa kawaida mionzi hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki kadhaa, kwa hiyo nauli ni sehemu ya matibabu. Kwa miaka mingi mgonjwa wa hospitali za serikali alikuwa na mlango mmoja tu wa mionzi, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Leo sisi wa Ruiru tuna bahati: hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka 2019, iko hapa Kahawa West. Mwulize: "Ni siku ngapi kwa jumla? Nikikosa siku moja inakuwaje?"

10. Watu wa kutuliza maumivu. Hapa tunaomba mkae kimya kidogo msikilize. Mzee mmoja tuliyemtembelea alikuwa akilia usiku kwa maumivu ya mifupa. Aliandikiwa mofini ya maji, ya kunywa. Wanawe waliificha kabatini. Walisema, "Hiyo ni dawa ya mtu anayekufa." Mzee aliteseka wiki tatu huku dawa iko nyumbani. Muuguzi wa huduma hii alipokuja na kuwaeleza taratibu, walimpa, na usiku huo mzee alilala. Aliishi miezi mingi baada ya hapo, akiketi nje na wajukuu.

Huduma hii haikuanzishwa ili kuharakisha kifo. Mwingereza aliyeonyesha ulimwengu njia yake, Cicely Saunders, alisomea kwanza uuguzi, kisha kazi ya huduma za jamii, halafu udaktari, na mwaka 1967 akafungua hospisi huko London. Aliona kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya moyo, ya jamaa na ya roho, yote pamoja. Kenya ilipata hospisi yake ya kwanza, Nairobi Hospice, mwaka 1990. Msingojee mwisho. Maumivu yakianza, mwulizeni daktari: "Hapa kuna watu wa kutuliza maumivu? Tuandikie twende kwao leo."

11. Ofisa wa huduma za jamii hospitalini, mshauri, na mtu wa lishe. Ofisa wa huduma za jamii ndiye anayeketi na familia iliyoshindwa kulipa, na ndiye anayejua taratibu za hospitali kuhusu bili. Mwone mapema, siyo siku ya kuruhusiwa kutoka. Mshauri husaidia moyo wa mgonjwa na wa jamaa. Mtu wa lishe ataeleza chakula gani kinamfaa. Tusimnyime mgonjwa nyama, maziwa na mayai kwa sababu ya maneno ya sokoni, wakati mwili wake unahitaji nguvu ya kustahimili dawa. Mwulize ofisa: "Familia hii haina uwezo. Tuanzie ofisi gani?"

12. Padre, katekista na Jumuiya Ndogo. Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa ni ya wagonjwa, si ya wanaokata roho peke yao. Sala haiondoi dawa, na dawa haiondoi sala. Anayekuambia uache dawa uthibitishe imani yako, mwogope.

Kuhusu wanaojiita madaktari

Wako watu wanaouza chupa wakisema inaponya saratani za kila aina. Anayedai hivyo ama hajui ama anadanganya. Hatusemi vibaya juu ya wazee wetu wanaojua miti. Lakini kama mgonjwa anatumia dawa ya miti, amwambie daktari wake, maana nyingine hugombana na kemo. Daktari wa kweli amesajiliwa na baraza la madaktari la Kenya, na ofisa wa kliniki ana baraza lake, vivyo hivyo muuguzi. Mna haki kuuliza, "Daktari, jina lako ni nani, nawe ni daktari wa nini?" Si utovu wa adabu mkiuliza kwa upole.

SEHEMU YA TATU: TUAMUE

Someni Marko 2:1-12. Mtu aliyepooza analetwa na watu wanne, na mlango umejaa watu. Angalieni wale wanne. Hawakuwa waganga. Hawakujua kuponya. Walijua kubeba, na walipokuta mlango umezibwa walitafuta njia nyingine badala ya kurudi nyumbani.

Sisi tulipoambiwa "hapana" pale dirishani, tulirudi nyumbani. Hilo ndilo tunalotubu kwenu katika somo hili.

Kikundi chenu hakiwezi kuwa daktari. Kinaweza kuwa wale wanne. Mgonjwa amechoka, anaogopa, na akiingia kwa daktari nusu ya maneno hayasikii. Hospitali nayo ina wagonjwa wengi na wafanyakazi wachache. Kati yao anatakiwa mtu wa kushika uzi usikatike.

Maswali ya kuzungumzia:
1. Tumezoea kuchanga pesa mgonjwa akishazidiwa, au mazishi. Je, tungeweza kuchanga nauli mapema?
2. Nani katika kikundi chetu ana subira, anajua kusoma na kuandika, na anaweza kutunza siri?
3. Mgonjwa akikataa habari zake zijulikane kikundini, tutamsaidiaje bila kumwaibisha?

SEHEMU YA NNE: TUTENDE

Kwanza, daftari. Chukueni lile daftari jipya. Chora mistari ya kugawa ukurasa sehemu tano: Tarehe. Tumemwona nani (jina na kazi yake). Alisema nini. Karatasi gani tumepewa au tunangoja. Nani anafuata, na siku gani. Sehemu ya nne ndiyo ya kuangaliwa kila mara. Karatasi inayongojewa ikipita wiki moja baada ya siku iliyotajwa, msindikizaji asafiri. Asingojee simu.

Pili, msindikizaji mmoja. Si leo huyu na kesho yule. Achaguliwe na mgonjwa mwenyewe, si na kamati. Aingie naye kwa daktari, mgonjwa akikubali. Kabla ya kutoka amrudie daktari kwa maneno yake: "Daktari, nimesikia hivi na hivi. Ni sawa?"

Tatu, bahasha. Nakala ya kila ripoti ibaki kwa mgonjwa. Mkipelekwa hospitali nyingine, bahasha hiyo itawaokoa kurudia vipimo na kulipa mara mbili.

Nne, bima. Tangu Oktoba 2024 ile NHIF tuliyoizoea haipo tena, na mahali pake imekuja SHA. Kujisajili ni kwa simu, *147#, au kwa kusaidiwa na mhudumu wa afya wa kijiji. Asiye na mshahara hulipa kulingana na maswali anayojibu juu ya hali yake, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na hulipia mwaka mzima mbele. Hapo ndipo chama kinaweza kusaidia: kukopesha wanachama ada ya mwaka, wakarudisha kidogo kidogo. Kwa saratani kuna kiwango cha juu kwa kila familia kwa mwaka, na matibabu huombewa kibali kwanza. Ulizeni dawati la SHA hospitalini: "Kiwango kimebaki kiasi gani? Kibali kimetoka?" Andikeni jibu kwenye daftari.

Tano, igizo. Kabla ya kufunga, wanakikundi watatu wasimame. Mmoja ni daktari mwenye haraka, mmoja ni shosho mgonjwa, mmoja ni msindikizaji. Mnaweza kuanza hivi:

Daktari: Haya, rudi baada ya wiki mbili. Anayefuata!
Shosho: Asante, Daktari. (Anaanza kuondoka.)
Msindikizaji: Samahani, Daktari, dakika moja tu. Kipande hiki kimepelekwa maabara gani?
Daktari: Ya hapa hapa.
Msindikizaji: Namba yake tafadhali, niandike. Na majibu yataletwa kwako, au tuyafuate sisi?

Endeleeni wenyewe. Wengine waseme kama shosho ametoka na alichohitaji. Kisha badilishaneni nafasi, kila mtu aonje kuuliza. Wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba mtu mdogo hamwulizi daktari maswali. Ulimi unahitaji mazoezi.

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya mkutano ujao, watu wawili waende kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Waulize mambo matatu: ni siku gani akina mama hupimwa mlango wa kizazi na matiti, barua ya rufaa hupeleka watu wapi, na huduma ya kutuliza maumivu iliyo karibu iko wapi. Walete majibu yaandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari.

Sisi tulipomzika yule mama, mumewe alitupa ile bahasha yake ya kahawia. Ndani kulikuwa na barua ya rufaa, eksirei, risiti za nauli, na ripoti ya maabara yenye tarehe mbili: ya kuandikwa, na ya kuchukuliwa. Tunaiweka ofisini. Kila tunapomsindikiza mgonjwa mwingine, tukiambiwa "bado", tunauliza tena.

Kwa leo ni hayo. Fungeni kwa sala, na mwataje kwa majina wagonjwa wenu wote. Mungu awabariki.